Turufu kabla haijawa turufu

Neno "turufu" lilifika pwani na Wareno. Kwao ni trunfo, nao walilitoa kwa Waitaliano, trionfo. Katika Italia ya miaka ya 1440, trionfi halikuwa jina la karata yenye nguvu tu. Ndilo lililokuwa jina la seti nzima ya karata ambayo leo inaitwa taroti, ile ambayo wengi huijua kwa kupigia ramli. Jina tarocchi halionekani mpaka mwanzoni mwa karne ya 16. Basi mzee anayebamiza karata barazani akisema "turufu!" analitaja jina la kwanza la taroti, na hana habari.

Hata majina ya karata zetu yanasema hivyo. Kopa ni copas, vikombe, ingawa umechorwa moyo. Uru ni ouros, dhahabu. Shupaza ni espadas, panga. Pau ni paus, magongo. Picha ni za Kifaransa ila majina ni ya Kireno, na majina ndiyo yanayolingana na taroti: vikombe, sarafu, panga, magongo. Karata za Wamamluki, watawala Waislamu wa Misri ya zama za kati, zilizohifadhiwa katika jumba la Topkapi, Istanbul, zina alama hizohizo, isipokuwa mahali pa magongo pana fimbo za polo. Mwandishi wa Kifaransa Antoine Court de Gébelin alipoandika mwaka 1781 kwamba taroti ni hekima ya Misri ya kale, alikosea Misri. Na kabla yake watu walikuwa wameichezea zaidi ya miaka 300, wakihesabu pointi. Anayeiogopa kama ramli aogope hiyo ya karne ya 18, si ile ya Milano.

Ile ya Milano ndiyo iliyo mezani leo, kwa nakala: Visconti-Sforza, iliyochorwa yapata 1450 kwa nyumba ya Francesco Sforza, mtawala wa Milano, na kazi kubwa huhesabiwa kuwa ya mchoraji Bonifacio Bembo. Zimesalia karata 74: 35 zipo Morgan Library, New York, 26 Accademia Carrara, Bergamo, na 13 zimo mikononi mwa familia ya Colleoni. Zimepotea Shetani, Mnara, tatu ya panga na farasi wa sarafu. Kwa hiyo seti yoyote ya 78 inayouzwa kwa jina hili ina karata nne za mchoraji wa leo. Ukitaka kupima uaminifu wa mchapishaji, anza na hizo nne. Kuna sita nyingine (Nguvu, Kiasi, Nyota, Mwezi, Jua na Dunia) zilizochorwa na mkono wa pili, na jicho likishazoea, tofauti inaonekana: miili mirefu zaidi, nyuso laini zaidi.

Katika seti hii, Mtawa Mpweke hana taa. Ameshika kipima-muda cha mchanga, na anayefundishwa taroti kwa picha za kisasa hushangaa. Kwenye Gurudumu la Bahati, aliyekaa juu ana masikio ya punda. Mauti ameshika upinde. Lakini kinachofanya karata hizi ziwe zilivyo ni dhahabu iliyo nyuma ya watu, iliyochorwa kimistari ikawa vijimraba vya mshazari. Chapa ya kawaida huigeuza kuwa njano ya haradali, na hapo karata imekufa. Dhahabu ya kweli hubadilika ukiinamisha karata: mstari uliokuwa mweusi unakuwa mweupe. Wino hauwezi hilo.

Anayetaka kuijua vizuri ajaribu kutengeneza moja. Ukubwa wa asili ni takriban milimita 173 kwa 87, na ndiyo maana nakala zake hazichangiki kwa mkono mmoja. Bandika karatasi tatu au nne za pamba kwa uji wa wanga, uzibane kati ya mbao mbili usiku kucha. Ukipaka jeso (tabaka jeupe la msingi, la gundi na chaki) upande mmoja tu, karata itakunja mgongo, kwa sababu gundi inapokauka huvuta. Paka nyuma pia, walau tabaka moja.

Jeso ni gundi ya ngozi, gramu 70 kwa lita moja ya maji. Ilowekwe usiku, ipashwe juu ya sufuria ya maji ya moto, isichemke kamwe, kwani ikichemka inapoteza nguvu. Chunga chaki iingie taratibu mpaka iwe nzito kama maziwa ya mgando yaliyopigwa. Usikoroge kwa pupa: mapovu ndiyo vitundu utakavyoviona baadaye kwenye dhahabu, na hapo hakuna dawa. Tabaka nne hadi sita nyembamba zinatosha. Ubao hustahimili zaidi. Karatasi inapinda, na jeso nene hupasuka.

Chora umbo la mtu kwa sindano kabla ya dhahabu, ujue pa kuacha bila dhahabu, maana rangi haishiki vizuri juu ya dhahabu. Kisha udongo mwekundu laini, tabaka nne, uliochanganywa na ute wa yai: piga ute mpaka usimame, uuache usiku, tumia maji yaliyojikusanya chini. Jani la dhahabu huuzwa milimita 80 kwa 80. Ukiacha ukingo wa milimita 4 kila upande unabaki na upana wa 79, hivyo majani matatu yanashuka kama safu moja. Ukitaka kufika ukingoni utahitaji safu ya pili kwa ajili ya milimita saba tu. Hasara tupu.

Lowesha udongo, weka jani, subiri. Subira hii ndiyo fundi mwenyewe. Gonga kidogo kwa jiwe la akiki: likilia mlio mkavu, sugua, likitoa mlio mzito, bado, na ukisugua sasa jani litachanika. Ukichelewa, halitang'aa kamwe. Pwani, hewa ikiwa na unyevu, kusubiri huwa kurefu. Nyanda za juu kwenye ukame huenda ukapitwa ukichemsha chai. Mistari ya mshazari ichorwe mara baada ya kung'arisha, jeso ikiwa na unyevu kidogo ndani, kwa ncha butu. Ncha kali hukata dhahabu, na jeso kavu humeguka.

Rangi ni ya kiini cha yai. Tembeza kiini kiganjani mpaka kikauke, kitoboe, acha ngozi. Kiwe kiasi sawa na rangi iliyosagwa kwa maji. Kikizidi, uso unang'aa kisha unapasuka. Kikipungua, rangi inatoka na kidole. Nyuso hutanguliwa na kijani cha udongo, waridi hufuata kwa vistari vyembamba. Cennino Cennini, aliyeandika mwongozo wa uchoraji yapata mwaka 1400, anasema kiini cha kuku wa mjini, ambacho ni cheupe zaidi, kifae nyuso za vijana, na cha kuku wa shamba kwa wazee. Mpaka leo wa kienyeji kiini chake ni chekundu, na yule wa kufugwa kwenye banda hutoa cha kupauka. Mzee huyo angeelewana na wauza mayai wetu.

Jani la fedha usilitumie bila kulifunika kwa vanishi: litakuwa jeusi.

Karata nyingi za Milano zina tundu dogo juu, katikati, kama zilizowahi kutundikwa ukutani kwa msumari. Wachapishaji wengi hulifuta kwa kompyuta. Waliolibakiza ndio ninaonunua kwao.