Alama ya rangi ya kucha

Mpwa wangu kanitumia ujumbe jana usiku. Baba yake kapimwa sukari asubuhi kabla ya kula chochote, imesoma 6.4. Daktari kamwambia hiki bado si kisukari, ila yuko mlangoni, aanze kutembea na kufanya mazoezi ya nguvu. "Mjomba, nimnunulie vyuma?"

Nilikuwa naandika "usinunue kitu" nikamkumbuka yule mzee wa bandarini na dumu lake.

Alikuwa kwenye kikundi cha mazoezi nilichokuwa nasaidia kukiongoza Magomeni, Dar es Salaam, uani kwa mama mwenye mwembe, Jumatatu na Alhamisi saa 11 jioni. Wote walishavuka miaka 60, na sukari yao ya asubuhi ilikuwa inacheza kati ya 5.6 na 6.9. Ikifika 7.0, na kipimo kikarudiwa kikasema hivyohivyo, hapo jina linabadilika. Wenye presha ya 180 kwa 110 au zaidi walirudishwa kwa daktari kwanza.

Mazoezi yenyewe hayakuwa na maajabu. Kukaa na kuinuka kitini ukiwa umekumbatia chupa ya maji, kusukuma ukuta, kuvuta tyubu kuukuu ya baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo, kunyanyua visigino. Kiti kinaegemezwa ukutani, maana cha plastiki juu ya sakafu laini huteleza mtu akiwa katikati ya kuketi. Wiki ya kwanza raundi moja tu, mara nane, unaacha ukiwa bado na akiba ya mbili mwilini.

Wiki ya tatu viti vikaanza kubaki vitupu. Wengine waliogopa maumivu. Misuli isiyozoea huuma kesho yake, na kesho kutwa ndiyo huuma kweli. Usipomwambia mtu mapema atadhani ameumia, na wanawe watamkataza kutoka. Hao walirudi walipoelezwa. Waliokuwa na kazi ngumu kurudi ni wale walioona wanafanyishwa mchezo wa watoto, na kinara wao alikuwa mzee wa bandarini.

"Kijana, mimi nimebeba magunia ya kilo mia pale gatini. Leo unanipa chupa ya maji?"

Alhamisi ile alikuja na dumu la lita 20, limejaa mpaka shingoni. Hakusalimia mtu. Alivuta kiti, akalikumbatia dumu kifuani kama tulivyokuwa tunafanya na zile chupa, akaketi. Kuinuka hakuinuka. Alijitupa mbele, kiti kikalia, akarudi palepale. Alijaribu tena. Bibi wa vitumbua akaziba mdomo kwa khanga, sijui kwa huruma au kwa kicheko.

"Mzee wangu, tumimine kidogo," nikamwambia.

Alinitazama kwa muda, kisha akainamisha dumu mwenyewe, maji yakaenda kwenye shina la mwembe. Kwenye lita 10 makalio yaliachana na kiti yakarudi. Kwenye 7 aliinuka, lakini kwa kubana pumzi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hapo tulisimama na sisi: ukibana pumzi wakati wa kunyanyua, presha hupanda ghafla. Dawa yake ni kuhesabu kwa sauti, kwa sababu anayetamka "nne" hawezi kuwa ameziba pumzi. Akamimina tena bila kuambiwa. Kwenye lita 5 alihesabu moja hadi kumi, ya tisa na ya kumi polepole mno, magoti yakiwa yanaelekea vidoleni bila kuingia ndani. Maji ndani ya dumu kubwa lisilojaa yalikuwa yanakimbia upande hadi upande na kumyumbisha, kwa hiyo tukayahamishia kwenye dumu la lita 10.

Mjukuu wa mwenye nyumba alikuwa kibarazani anapaka kucha. Mzee akamwita. "Nipake hapa." Binti akachora mstari mwekundu kwenye usawa wa maji.

Jumatatu iliyofuata karibu kila mtu alikuja na dumu lake, na ile chupa ya rangi ikaisha.

Kanuni tuliyowawekea ilikuwa ndogo: ukifika mara 12 katika raundi zote mbili, siku mbili za mazoezi mfululizo, panda nusu lita. Nusu lita ni nusu kilo, goti linaistahimili. Wachache walipanda lita mbili kwa mpigo ili wampite jirani, wakakaa nyumbani wiki nzima na kiuno. Kisha ukaja mgao wa maji, watu wakapikia maji ya mazoezi, na wengine wakaenda kujaza mchanga mpaka kwenye mstari uleule. Lita moja ya mchanga mkavu ni kama kilo moja na nusu na zaidi, ukiloa unaongezeka. Mtu wa lita 4 alijikuta anakumbatia kilo sita na ushei. Mistari ya mchanga ikabidi ichorwe upya, chini zaidi, na kuna waliolalamika kwamba wameshushwa cheo.

Mengi niliwaeleza kuhusu msuli: kwamba ndiyo ghala kubwa la sukari baada ya mlo, kwamba unapofanya kazi huvuta sukari hata insulini ikiwa dhaifu, na kwamba faida hiyo hupungua ndani ya siku mbili hivi, ndiyo maana mazoezi hayafanywi mara moja yakaisha. Waliitikia kwa adabu. Ule utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002 pia niliutaja, ambapo kubadili maisha kulipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58, na 71 kwa wenye miaka 60 na zaidi. Ingawa ule ulihusu hasa kutembea na kupunguza uzito, na dumu halimwondolei mtu kutembea. Sidhani kama kuna aliyebaki kwa sababu ya asilimia hizo.

Miezi mitatu baadaye tulipima. Mzee alikuwa 6.3 mwanzoni, sasa 6.1. Akauliza kama imeshuka. Nilimwambia kipimo cha kidole kinaweza kupishana hivyo bila mwili kubadilika, asubiri kile cha maabara cha wastani wa miezi miwili mitatu. Akaguna, akarudi kwenye dumu. Alikuwa kwenye lita 8.

Bibi wa vitumbua ndiye aliyeshuka vizuri, kutoka 6.6 hadi 5.8, na ndiye aliyeacha. Nilimfuata kwenye meza yake alfajiri. Nilitegemea kusikia habari za maumivu, au za wateja.

"Nilikuja kwako siwezi kuinuka kwenye mkeka bila kushika ukuta," akasema, huku anageuza vitumbua. "Sasa nainuka. Nije kufanya nini tena?"

Nikamwambia nguvu hupotea usipoitumia, na sukari hurudi.

"Ikirudi nitakuja," akasema, akanifungia vitumbua viwili.