Spika ya kati ndiyo mpango mzima

Jamani, risiva ya 5.1 (kifaa kinachoendesha spika tano na subwufa moja, yaani spika ya besi) sasa inaongea sebuleni kwangu! Waya zimepita chini ya zulia, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza rangi kwenye spika moja tu, besi inapwaya.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye menyu. Nimeiambia risiva spika zote ni ndogo, nikakata kwenye 80 Hz, sauti nzito zote za chini ya hapo zikaenda kwa subwufa. Za nyuma zimekaa pembeni, nyuma kidogo ya kochi, juu ya usawa wa masikio. Kisha nikaipandisha ya kati desibeli 2, maana maneno ya waigizaji hutokea humo. Mama mkwe anafuatilia tamthilia yake bila kudai rimoti. Subwufa usiku naizima, jirani ana mtoto mchanga.