Kaa Hapa Mlangoni Nikuone

Kiti cha wateja ninaowapamba uso kiko mlangoni, si mbele ya kioo. Wanaokuja mara ya kwanza hushangaa, maana saluni nyingi za Kampala ziko ndani kabisa ya maduka, mahali ambapo hata saa sita mchana taa huwa zinawaka. Chumba changu kiko Old Kampala, ghorofa ya kwanza, na mlango wake unapata mwanga mzuri tangu asubuhi. Chini ya taa za tyubu kila faundesheni, ile rangi ya kupaka uso mzima, inapendeza. Ukitoka nje ndipo unagundua umevaa uso wa mtu mwingine.

Harusi yangu ndiyo iliyonifundisha. Mimi ni maji ya kunde iliyokolea. Dada aliyenipamba alijaribu rangi nyuma ya mkono wangu, ndani, chini ya taa, kisha akachagua chupa iliyonizidi weupe karibu mara mbili. Picha ipo sebuleni kwa mama mkwe wangu huko Jinja: uso mweupe, na shingo na mabega yangu vimebaki kama vilivyo. Mama anaipenda mno ile picha. Mimi nikienda kumsalimu, nachagua kiti kinachoipa mgongo.

Kwa hiyo mkono siugusi. Napaka mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana, kuanzia kwenye taya kushuka shingoni. Mstari unaopotea machoni ndio wako. Lakini usinunue bado! Subiri dakika kumi au kumi na tano, kwa sababu faundesheni nyingi hukolea zikishakutana na mafuta ya ngozi na hewa. Ngozi yako ikiwa na mafuta mengi, utaliona jambo hili wazi. Anayekuja uso wake ni mweupe kuliko shingo kwa sababu ya mkorogo, namfuatisha shingo na kifua, na wala simuulizi maswali.

Halafu kuna rangi iliyo chini ya rangi. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kulingana weusi, mmoja ana wekundu kwa ndani na mwenzake ana umanjano, na chupa moja isiwafae wote. Watu hufundishwa kutazama mishipa ya mkononi. Kwa ngozi nyeusi sana mishipa hiyo haionekani, kwa hiyo mimi hutazama bega na shingo kwenye mwanga.

Mwezi uliopita nilimpamba binti wa familia ya Arua kwa sherehe yake ya utambulisho, ile ya kumleta mchumba kwa wazazi. Ni mweusi tii, weusi wenye ubuluu kwa mbali, ngozi laini isiyo na doa. Shangazi yake akanisogelea akaniambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, muongezee weupe kidogo, leo ni siku yake." Nikamjibu, "Shangazi, nikimuongezea weupe atatoka wa majivu." Hakuridhika, ila aliniachia nifanye kazi.

Chini ya macho alikuwa na kivuli. Ukikiwekea konsila, krimu ya kufichia madoa, ya rangi ya ngozi moja kwa moja, kinakuwa kijivu. Kwanza nikagusa rangi ya chungwa iliyoiva, kidogo tu, nikaipigapiga kwa kidole mpaka kivuli kikazimika, ndipo konsila ikafuata. Mashavuni nikatumia nyekundu ya zambarau, maana waridi hafifu hukaa juu ya ngozi kama vumbi. Midomo nikaizungushia penseli ya kahawia. Poda nyeupe isiyo na rangi sikuigusa kabisa: flashi ya kamera ikiipiga, uso unatoka kama umenyunyiziwa unga. Tatizo likawa tenti. Ilikuwa ya buluu, na mwanga wake ukaupoza uso wote, nikalazimika kuongeza wekundu mashavuni.

Chupa moja ya faundesheni inayolingana na rangi yake sikuwa nayo. Nilichanganya mbili kwenye kisahani. Eunice Johnson wa Chicago, aliyeendesha maonyesho ya mitindo, aliwaona wanamitindo wake weusi wakichanganya hivyo hivyo kwa kukosa rangi zao madukani, na mwaka 1973 ikaanzishwa kampuni ya vipodozi ya Fashion Fair. Mwaka 2017 mwanamuziki Rihanna akaja na Fenty Beauty, faundesheni za rangi 40 kwa mkupuo. Ni miaka 44 hiyo, na mimi bado nashika kisahani.

Muuzaji wangu wa Kikuubo, mtaa wa maduka hapa Kampala, alikuwa akiniambia rangi za giza hazitoki. Nikamwambia hazitoki kwa sababu haziingii. Nimemsumbua tangu Januari, kila nikienda namuuliza. Wiki iliyopita ameleta chupa sita za ile rangi ya mwisho kabisa kwa weusi. Nimechukua mbili. Nne ziko kwake, rafu ya chini, mkono wa kushoto ukiingia.