Mara ya Pili, Mama Alishuka Wasini Bila Kulowesha Buibui

Nianze na lawama, maana kila niliyemwuliza habari za safari ya gari kwenda kusini mwa pwani alinijibu lile lile: toka alfajiri, jaza mafuta, piga picha Diani, kula samaki, rudi. Wananihesabia kilomita na vituo vya mafuta. Hapana hata mmoja aliyenitajia maji kupwa na maji kujaa. Na mimi nami, mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa, ambaye nikifungua dirisha la jikoni nasikia harufu ya bahari, sikukumbuka kuuliza. Aibu yangu naibeba mwenyewe, ila nusu yake ni ya shemeji, na nitaeleza kwa nini.

Shabaha ilikuwa kisiwa cha Wasini. Bibi yake Mama alikuwa Mvumba, Mswahili wa huko kusini, wa kisiwa kile, na Mama hakukanyaga huko tangu alipokuwa msichana wa kusuka nywele mbili. Kila mwaka anasema atakwenda, kila mwaka goti linamjibu. Safari hii nikaazima Probox ya kaka yangu (kwa ahadi ya kuirudisha na tangi limejaa, ahadi ambayo niliitekeleza karibu yote), nikamweka Mama mbele, nyuma wapwa zangu wawili, na shemeji, mume wa dada, aliyekuwa ameshuka kutoka Nairobi kwa likizo.

Shemeji ni mtu mwema. Lakini ana simu, na simu ina programu ya kila kitu. Usiku wa kuamkia safari alituketisha sebuleni akatusomea hali ya hewa, upepo, na mwisho akatangaza kwa sauti ya mtu wa redio: "Maji yatakuwa chini kabisa saa kumi na dakika arobaini."

Mama akashusha pumzi. "Saa kumi? Alhamdulillahi. Basi tuna siku nzima."

Tukaondoka bila haraka, saa mbili imeshapita. Kuvuka Likoni kwa feri asubuhi ukielekea kusini si kazi, kwa sababu umati wote unakuja kisiwani kazini na wewe unakwenda kinyume chao. Matuta ya Ng'ombeni na Waa tuliyahesabu mpaka tukachoka. Hatukusimama popote, kwa kuwa Mama alikuwa na haraka ya moyo. Shimoni tukapata mashua, nauli nikaizungumza, tukavuka mlango wa bahari ule uliotulia kama sinia. Saa nne na nusu tuko mbele ya Wasini.

Mbele ya Wasini, sio Wasini. Nahodha alizima mashine, akaangalia maji, akaangalia buibui la Mama, akasema taratibu, "Mama, kutoka hapa ni kuvua viatu."

Kati yetu na ufuo palikuwa na kama hatua mia za mawe ya matumbawe, matope, na majani ya bahari yanayoteleza kama bamia. Maji yametoka yote. Mashua nyingine zimelala ubavu kama mbuzi waliochoka. Vijana wawili wakaja wakikanyaga matope na kiti cha plastiki, wakasema watambeba. Wamezoea, wanabeba wageni kila siku. Mama aliwatazama kwa heshima kabisa, akawaambia, "Wanangu, mimi nitabebwa na watu siku moja tu, na siku hiyo sitakuwa na la kusema. Leo bado ninalo."

Basi akakaa. Alikaa ndani ya mashua saa moja na nusu, mwavuli kichwani, sahani ya sambusa mapajani. Habari ikafika kijijini kwamba kuna mjukuu wa fulani binti fulani amekuja na hawezi kushuka. Wakatoka. Kina mama wakajipanga ufuoni, ikaanza shajara ya ukoo kwa makelele: nani alizaa nani, nani alihamia Vanga, nani alikufa, nani ameolewa Pemba. Mama anajibu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nilipovunja birika lake la shaba. Bibi mmoja mwenye umri sawa na wake akakunja leso, akaingia mwenyewe kwenye matope mpaka magotini, akaleta samaki wa kukaanga na vipande vya mkate wa kumimina. Walishikana mikono juu ya ubavu wa mashua wakalia. Mimi nikalia. Nahodha akaangalia pembeni.

Wakati huo mpwa wangu mdogo, aliyeruka mashuani bila ruhusa, alishakanyaga yale mabonge meusi ya miiba yanayokaa kwenye mawe. Mwiba wa namna ile usiuchokonoe kwa sindano, utakatikia ndani. Kijana mmoja alileta papai bichi, akalikwaruza, akampaka utomvu wake, akamwambia aache kupiga kelele. Jioni miiba mingi ilikuwa imelegea.

Kwa hiyo Mama alizuru Wasini kwa sauti. Kurudi Shimoni, shemeji akatoa simu kujitetea. "Si niliwaambia? Ona hapa, 10:40." Kimya. Mama akavaa miwani, akaangalia kioo, akauliza kwa upole uliotuchoma sote: "Mwanangu, hii saa kumi yako ni ya wapi?" Kumbe ilikuwa saa nne na dakika arobaini za asubuhi. Mtu amesoma namba za Kizungu, akazitamka kwa Kiswahili, nasi tukazisikia kwa Kiswahili. Watu watano, wakubwa kwa wadogo, hakuna aliyeuliza.

Nilikasirika nikaenda kwa ami yangu. Ami alivua miaka mingi kabla macho hayajamgomea, na siku hizi kazi yake ni kukaa barazani karibu na bandari ya zamani akikosoa wanaofunga kamba. Nilimweleza yote. Hakucheka, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Aliniuliza swali moja: "Siku hiyo ilikuwa mwezi ngapi?"

Sikujua. Nikahesabu vidole: mwezi pili, yaani siku ya pili tangu mwezi uandame. Akasema, "Sasa ulitegemea nini?"

Haya ndiyo aliyonifundisha, nami nayatoa bure. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ni bamvua. Siku hizo huku kwetu maji hujaa kama saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa kati ya saa nne na saa tano, na yakipwa yanatoka kwelikweli. Kila siku inayofuata, ongeza kama dakika hamsini. Ukifika mwezi saba, mwezi nane, mambo yamegeuka: maji ni mafu, hayaji sana hayaendi sana, na kupwa kwake kumesogea alasiri. Basi. Huhitaji kioo cha simu, unahitaji kujua mwezi umeandama lini, na hilo kila msikiti utakwambia.

Mimi nilikuwa na tatizo la pili. Wapwa walitaka kidimbwi cha Afrika pale Tiwi, kile cha kwenye mawe kilichojichonga chenyewe mfano wa bara letu, na kile unakiona maji yakipwa tu. Mama anataka Wasini maji yakijaa. Siku moja, gari moja, bahari mbili. Ami akafumba macho akavuta nyuma kutoka mwezi mpevu: siku tatu nyuma, punguza saa mbili na nusu. Mwezi kumi na mbili. Kupwa saa mbili asubuhi, kujaa saa nane mchana. Tiwi iko karibu, Shimoni iko mbali. Barabara yenyewe inakupeleka kutoka maji kupwa hadi maji kujaa. Na ukikosa mwezi kumi na mbili, kuna mwezi ishirini na saba, hesabu ni ile ile.

Nilihisi kama nimeonyeshwa mlango wa siri katika nyumba niliyozaliwa. Hata hivyo nilikwenda kuhakikisha kwenye jedwali la maji linalotolewa na Mamlaka ya Bandari. Ami alikosea kwa dakika ishirini. Nilipomwambia, akasema jedwali ndilo limekosea.

Mwezi kumi na mbili uliofuata ulianguka katikati ya wiki, kwa hiyo tulingoja mwingine, ukaangukia Jumamosi. Ilikuwa heri, maana kusi, ule upepo mkali wa kusini, ilikuwa imekwisha, tukaingia matlai, kipindi cha upepo mwanana, bahari imelala. Usimpeleke mzee Wasini wakati wa kusi kali, hata maji yawe yamejaa mpaka mlangoni.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Saa moja na nusu tuko Tiwi, tumeshateremka ile njia ya vumbi, na kijana wa ufuoni anatuongoza juu ya mawe. Viatu vya plastiki vya kufunga, tafadhali, si malapa; somo la miiba tulikuwa nalo. Na kidimbwi kipo! Pembe ya Somalia ipo, ghuba ya upande wa magharibi ipo, maji ya kijani yametulia ndani. Wapwa waliruka Kongo wakatokea Afrika Kusini. Shemeji (ndiyo, alikuja, aliomba mwenyewe) aliogelea akajigonga goti pale panapopaswa kuwa Madagaska. Kijana alitutoa saa tatu kasoro, akasema maji yakianza kurudi yanakukuta na mawe marefu mgongoni. Msikiti wa Kongo, ule wa kale wenye mibuyu ng'ambo ya mlango wa Mto Mwachema, tuliuacha kwa siku nyingine. Mama alinuna kidogo.

Ukunda tukanywa chai kwa mahamri na mbaazi. Sina la kusema, nilikula matano.

Gazi tulisimama nusu saa. Kina mama wa pale wametengeneza njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, unatembea juu, kaa wanakimbia chini, na maji tulikuta ndiyo kwanza yanaingia kwa kunyemelea. Mama muongozaji alitueleza kwamba kijiji kinalipwa kwa kuilinda mikoko hiyo, mradi wa Mikoko Pamoja, tangu 2013. Miti inafyonza hewa chafu, watu wa mbali wanalipia, fedha zinakwenda kwenye maji ya bomba na shule. Mama yangu aliliwaza hilo mpaka Msambweni. "Yaani wanauza hewa," alisema tukipita mikanju. Kufika mashamba ya miwa ya Ramisi akaongeza, "Na sisi Mombasa tunaivuta bure tu."

Shimoni saa sita. Nauli ya mashua hapa ina mambo mawili: ukionekana mtalii utauziwa mashua nzima kwa elfu kadhaa, ukipanda na wenyeji ni mamia tu kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kubishana. Mama alimtajia nahodha jina la bibi yake, basi. Nilirudisha pochi nikiwa nimeudhika kidogo, maana hotuba yangu ilikuwa nzuri.

Kisiwa hakina gari wala kisima cha maji matamu cha kutegemea, kwa miaka mingi watu wamekuwa wakivuna mvua. Kwa hiyo zawadi ya Mama ilikuwa madumu manne ya maji, na mchele, na leso pea sita. Tulifika saa saba na robo. Mashua ikasogea, ikasogea, mpaka ubavu ukagusa ngazi. Mama akashika mkono wa shemeji, akainua mguu mmoja, akaweka. Akainua wa pili, akaweka. Akajitazama chini. Buibui kavu. Hakusema kitu. Yule bibi wa matope alikuwa anamngoja pale pale, na safari hii leso yake nayo ilikuwa kavu.

Yaliyofuata ni ya familia. Nitasema tu kwamba tulikula kaa wa kuchemsha mpaka mikono ikauma, na wapwa walitembezwa kwenye bustani ya matumbawe, yale mawe marefu kama watu waliosimama, nayo nzuri zaidi maji yakiwa yameingia katikati yake. Nahodha alitupa sharti moja: tuwe mashuani kabla ya saa kumi, la sivyo turudi kwenye kiti cha plastiki. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama.

Kurudi usipite Likoni. Jioni ya mwisho wa wiki magari yanapanga foleni mpaka unaona wauza korosho wale wale mara tatu. Tulikata Kibundani tukashika barabara ya Dongo Kundu. Kwa mtu wa kisiwani ni mzunguko, unatokea huko Miritini halafu urudi Changamwe na Makupa, na mafuta yanaliwa, ila unatembea, husimami. Tulipanda madaraja yale marefu jua likizama, mikoko chini, na mwezi kumi na mbili umeshatoka mkubwa upande wa bahari. Shemeji alitaka kusema kitu kuhusu saa za maji ya kesho. Dada alimpigia simu wakati huo huo, Mungu ni mwema.

Kaka naye amenipigia jana. Tangi amelikuta karibu limejaa, hana neno. Anachouliza ni harufu. Wasini walitufungia ng'onda, samaki mkavu, wa papa wa kutosha mwezi mzima, nami niliwapakia nyuma bila gazeti. Nimemwambia afungue madirisha. Mwezi ishirini na saba ninaihitaji tena Probox yake, Mama ameanza kuitaja Vanga.