Kwa nini Julai 2020 roketi 3 zilifuatana kwenda Mirihi

Safari za Mirihi huja kwa mafungu kwa sababu Dunia na Mirihi hukaa mkao mzuri wa safari kila baada ya miezi 26 hivi. Nje ya hapo mafuta hayatoshi kubeba chombo kizito. Ukichelewa, chombo kinarudi stoo miaka 2.

Mwaka 2020 nafasi iliangukia Julai na Agosti. Hope, chombo cha Falme za Kiarabu, ilikuwa iondoke Tanegashima, Japani, katikati ya Julai. Hali ya hewa ikaichelewesha hadi tarehe 20 kwa saa za huko. Tianwen-1 ya China ikafuata tarehe 23. Perseverance ya NASA, shirika la anga la Marekani, ilipangiwa tarehe 17 ikaahirishwa mara kadhaa, mojawapo baada ya vipimo vya oksijeni ya kimiminika kuleta utata kwenye zoezi la kujaza roketi. Ikaruka tarehe 30, na mwisho wa nafasi yake ya kuruka ulikuwa 15 Agosti. Hapo wahandisi hawalali!

ExoMars, chombo cha Ulaya na Urusi kilichokuwa kiende Mirihi mwaka huo, ndiyo iliyoachwa. Parachuti zake zilichanika kwenye majaribio ya 2019, na shinikizo la hewa ya Mirihi halifiki hata 1% ya lile la hewa yetu, kwa hiyo parachuti lazima iwe kubwa mno na bado ihimili mwendo wa kasi. Programu zake za kompyuta nazo zilihitaji majaribio zaidi. Ikasogezwa hadi 2022, kisha vita vya Ukraine vikavunja ushirikiano wenyewe.

Zile 3 zilifika Februari 2021: tarehe 9, 10 na 18.