Kumbukumbu ya mradi wangu: kuifundisha kompyuta kufuta nakala zilizopitwa na wakati

Kazi ya kunakili imekamilika, na ndiyo iliyokuwa nyepesi. Kila usiku rsync, programu ya kunakili faili kwenye Linux, inapitia folda za nyaraka, picha na miradi, inatoa nakala kwenye diski ya nje, na nakala inapewa jina la tarehe, mfano 2025-03-14. Mwaka nimeutanguliza makusudi. Ukipanga majina kwa alfabeti, tarehe nazo zinajipanga, na skripti (faili ya amri inayoendesha kazi hii yote) haisumbuki kutafuta ipi ni kongwe.

Nakala kamili ya kila siku isingewezekana bila chaguo la rsync liitwalo --link-dest. Faili ambayo haijabadilika tangu jana hainakiliwi upya. Folda ya leo inapewa jina lake jipya linaloelekea data ileile iliyokwisha kuwepo diskini. Ukifungua tarehe yoyote unakuta kila kitu kipo, ila nafasi inayoliwa ni ya zile faili zilizobadilika tu. Tena ukifuta tarehe moja, data haiondoki hadi jina la mwisho linaloielekea lifutwe, kwa hiyo hakuna nakala mama ambayo ikiondoka zilizobaki zinaharibika. Sharti ni mfumo wa faili unaokubali utaratibu huo. ext4 inaukubali, FAT32 na exFAT haziukubali, na diski nyingi za nje huuzwa zikiwa na exFAT. Basi kufomati ni hatua ya kwanza, kabla hujaweka chochote ndani.

Skripti inaanza na ukaguzi wa mstari mmoja, unaoisimamisha kama diski ya nje haijaunganishwa, nao siuondoi kamwe:

mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1

Diski isipochomekwa, /mnt/nakala inabaki kuwa folda tupu ya kawaida kwenye diski ya ndani, na rsync itaijaza bila kuuliza. Vilevile nakala haipewi jina la tarehe inapoanza. Inaandikwa kwanza kwenye folda iitwayo .inaendelea, kisha rsync ikimaliza salama ndipo folda inabadilishwa jina. Umeme ukikatika katikati, hakuna nakala nusu itakayojifanya nzima. Kuhusu namba ambazo rsync hutoa ikimaliza kuonyesha matokeo, 0 inapita, na 24 pia inapita kwa sababu maana yake ni kwamba baadhi ya faili zilitoweka wakati wa kunakili, jambo la kawaida kwa faili za muda za kivinjari. 23 haipiti, maana kuna kilichoshindikana kunakiliwa.

Ipi ibaki, ipi iondoke

Muda mwingi umeishia hapa. Ushauri unaokutana nao kila mahali ni wa amri ya kutafuta faili, find, na -mtime +30, yaani futa kila kilichozidi siku 30. Unavutia kwa ufupi wake, ila mimi sitaki uwe karibu na nakala zangu. Kwanza, rsync ikitumiwa na chaguo la -a hubeba na tarehe za asili, hata za folda. Kama folda uliyonakili haijaguswa miezi minane, nakala uliyotoa usiku huu inaweza kuonekana ina miezi minane, na find itaifuta asubuhi. Pili, na hili ndilo zito zaidi, ufutaji unaofuata umri hauna habari kama kunakili bado kunaendelea. Nakala mpya zikikoma kuingia kwa sababu yoyote, za zamani zinaendelea kuzeeka na kufutwa, usiku mmoja baada ya mwingine, hadi diski ibaki nyeupe. Na skripti haitakuwa imetoa kosa hata moja, maana imefanya ilichoambiwa.

Kwa hiyo skripti yangu haiangalii umri. Inahesabu. Inabakiza nakala za siku 7 za mwisho zenye nakala, wiki 4 za mwisho zenye nakala, na miezi 12 ya mwisho yenye nakala. Kompyuta ikizimwa mwezi mzima, ukiiwasha unakuta zote ziko palepale, kwa kuwa hakuna mpya iliyoingia kuzisukuma nje. Kwa hesabu ya haraka hizo ni nakala 23, lakini kwa kweli ni pungufu, kwa sababu nakala ya leo ndiyo ya siku, ndiyo ya wiki na ndiyo ya mwezi kwa wakati mmoja.

Wiki ndizo zilizonipa kazi. Kuitambua wiki ya nakala natumia amri ya date na alama ya %V, namba ya wiki kwa kanuni ya kimataifa ya ISO, ambayo wiki yake huanzia Jumatatu. Alama ya mwaka inayoendana nayo ni %G, siyo %Y iliyozoeleka. Chukua Jumatatu ya 2024-12-30. Kwa ISO, siku hiyo imo katika wiki ya kwanza ya 2025. Ukiandika %G-%V unapata 2025-01, sawasawa. Ukiandika %Y-%V unapata 2024-01, na siku mbili tu baadaye, tarehe 1 Januari, inakuja 2025-01. Wiki moja imekatwa vipande viwili, na nafasi moja kati ya nne imepotea bure. Ni kasoro ya aina ya kujificha mwaka mzima.

Ili nisisubiri Desemba kujua, skripti naijaribu kwenye folda tupu. Kitanzi kifupi kinaunda folda za tarehe zinazofuatana kwa miaka miwili, moja baada ya nyingine, na baada ya kila moja sehemu ya kufuta inaendeshwa kana kwamba ni usiku wa kweli. Inamalizika haraka kwa sababu hakuna data ndani. Kisha nasoma orodha ya zilizobaki. Kila jina limeandikiwa sababu pembeni: siku, wiki, mwezi, au zaidi ya moja. Orodha yenye sababu ina faida kuliko orodha ya majina matupu, kwani kosa la kanuni linaonekana kwa jicho.

Kufuta kunakuja mwisho kabisa, na ni pale tu nakala ya usiku huo imefaulu. Nimeweka pia kizuizi: zikitakiwa kufutwa zaidi ya 3 kwa mara moja, skripti inasimama na kuniandikia. Namba hiyo sikuiokota. Nakala mpya moja ikiingia, kila ngazi (siku, wiki, mwezi) inaweza kusukuma nje nakala moja tu ya kongwe. Ya nne ikitokea, kuna kitu hakiko sawa.

Ratiba

cron, programu ya kawaida ya kuendesha kazi kwa saa maalumu, nimeiacha. Saa yake ikifika kompyuta ikiwa imezimwa, kazi imepita, hairudiwi. Kipima muda cha systemd (mfumo unaosimamia huduma za Linux) chenye Persistent=true huendesha kazi iliyokosekana mara kompyuta inapowashwa. Kwa mashine ya nyumbani isiyokesha, hakuna cha kujadili.

Taarifa za kila siku za "imefaulu" nazo nimezizima. Mtu akizizoea haoni tena siku isipokuja. Badala yake skripti inaandika tarehe ya ufanisi wa mwisho kwenye faili moja, na nikiingia kwenye kompyuta tarehe hiyo ikiwa na zaidi ya siku 3, onyo linatokea.

Diski ya pili

Faili isiyobadilika iko mara moja tu diskini hata kama inaonekana katika tarehe zote. Sehemu hiyo ya diski ikiharibika, imeharibika katika tarehe zote. Picha, basi, zina hifadhi ya pili kwenye diski nyingine kwa kutumia restic, programu nyingine ya kuhifadhi nakala. Sifa yake nyingine inayonivutia ni kwamba hutambua data kwa yaliyomo. Ukibadilisha jina la folda ya picha, rsync huzinakili zote upya, restic haifanyi hivyo. Kanuni ni zilezile: --keep-daily 7, --keep-weekly 4, --keep-monthly 12. Kumbuka tu kwamba amri yake ya forget huondoa nakala kwenye orodha, na nafasi hairudi mpaka amri ya prune, inayofuta data isiyotumika tena, ipite.

Ukaguzi wake unatumia chaguo la --read-data-subset, linalosoma sehemu tu ya data, nami naipa namba ya mwezi kati ya 12: Machi inasoma 3/12, Aprili 4/12. Hakuna mwezi unaochukua muda mrefu, na mwaka ukizunguka, hifadhi nzima imesomwa.

Kilichobaki ni faili ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa inayoendeshwa ndani ya kompyuta yangu. Ni moja, ni kubwa, na inabadilika kidogo kila inapowashwa, kwa hiyo kwa --link-dest kila usiku inahifadhiwa nzima upya. Naitoa kwenye orodha ya rsync na kuihamishia restic, inayokata faili vipande na kuhifadhi vile vipya tu. Ila lazima mashine pepe iwe imezimwa wakati wa kunakili, na sehemu hiyo ya skripti bado sijaiandika.