Lori la bure la kwenda Katesh

Jumapili, Desemba 17, 2023

Wiki mbili sasa tangu Mlima Hanang' umwage tope juu ya mji wa Katesh, mkoani Manyara, na simu yangu bado inapokea matangazo yaleyale: leteni michango, usafiri ni bure. Lipo la kanisa, lipo la msikiti, lipo la waliomaliza kidato cha nne pamoja, lipo la wenyeji wa Manyara waishio Dar. Karibu kila moja lina picha ya lori. Mimi kazi yangu ni ukarani kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo. Nashinda nikiandika nani kapakia nini, kwa tani ngapi, na nani atalipa. Kwa hiyo nikiona tangazo la namna hiyo, kabla sijafikiria msaada, namfikiria mwenye gari.

Yaliyotokea mnayajua. Jumapili ya Desemba 3, alfajiri, baada ya mvua kubwa za hii El Niño tuliyotangaziwa mapema, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu iliyokuwa imenyonya maji ilimeguka. Ikashuka ikiwa tope, mawe na miti mizima. Soko la Katesh likafukiwa, kijiji cha Gendabi kikapigwa, nyumba zikasombwa pamoja na waliolala ndani. Waliofariki wamepita 80. Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, akakatisha safari akarudi. Waliopoteza makazi wakapelekwa kwenye majengo ya shule. Barabara kuu ya kutoka Singida kwenda Babati, ambayo ndiyo inayopita katikati ya mji ule, nayo ilikuwa chini ya tope na magogo, kwa hiyo kabla ya unga na blanketi zilitangulia mashine za kusukuma udongo.

Mtaani kwetu tulikusanya vitu kama wengine. Mimi nikapewa jukumu la kutafuta usafiri, kwa kuwa nawajua madereva. Nilimpigia mzee mmoja mwenye malori ya Fuso ambaye gari zake hufuata mashudu, yale makapi ya alizeti ya kulishia mifugo, na mafuta ya alizeti Singida. Kushuka Dar huwa zimejaa. Kupanda, akipata bidhaa za Kariakoo anabeba, asipopata gari linapanda tupu. Akanijibu bila kufikiri mara mbili: "Binti yangu, juma hili hatuna mzigo wa kupanda. Jazeni. Mafuta yangu."

Watu wakashangilia kwenye kundi la WhatsApp. Mimi nikachukua kikokotoo. Kutoka Dar hadi Katesh kwa njia ya Dodoma na Singida ni karibu kilomita 800. Fuso iliyopakia ikila lita moja kwa kilomita tatu, na dizeli Desemba hii ya 2023 ikiwa imepita shilingi 3,000, kupanda tu ni zaidi ya laki nane. Kweli, sehemu kubwa ya hiyo angeitumia hata bila sisi, kwani gari lilikuwa linakwenda Singida. Ila kutoka Singida hadi Katesh na kurudi ni kilomita 180 hivi za ziada, juu yake posho ya dereva, posho ya tandiboi, msaidizi wake, na muda ambao gari linasimama kusubiri kushushwa huku mashudu yakimsubiri Singida. Hapo makuli wa kupakia sijawataja. Wale wa kwetu walikataa malipo, ila walikunywa soda.

Mzee hakuandika hata moja ya hizo kwenye daftari la michango. Bango tulilofunga ubavuni mwa gari lilikuwa na jina la mtaa wetu.

Siku za kukusanya zilinifundisha jambo nililolijua ofisini ila sikuwahi kuliona kwenye sadaka. Mfanyabiashara akija kwetu na mzigo, kwanza anauliza bei ya tani. Ukimtajia, anafikiri. Anarudi na mzigo pungufu, au anaamua kununua kulekule aendako. Bei ya usafiri inamchambulia mzigo. Ukiiondoa, hakuna anayechambua. Kwetu zilikuja suti za harusi. Vilikuja viatu vya visigino virefu, mguu mmoja mmoja, vimefungwa kwenye mfuko mmoja na daftari za shule zilizoandikwa nusu. Zilikuja fulana nyepesi za kampeni, kwenda Hanang' ambako Desemba hii ya mvua mtu analala na blanketi mbili. Na maji ya chupa, katoni juu ya katoni.

Maji ndiyo yaliyoniumiza kichwa. Kwenye kazi yetu kuna mzigo wa uzito na mzigo wa ujazo. Magodoro hujaza gari kabla hayajalifikisha tani zake, maji na unga humaliza tani gari likiwa halijafika hata nusu ya kimo. Mpakiaji mzuri huchanganya: unga na sabuni chini, magodoro juu, turubai, kamba. Lakini maji yakizidi, kila katoni unayopandisha inamshusha mtu godoro lake. Na kuna mizani ya kupimia malori njiani, Vigwaza, Nala, Njuki. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 haiulizi kama umebeba saruji au sadaka. Dereva aliniambia kwa lugha yake: "Dada, mizani haina huruma na haina msiba. Ekseli ikizidi, imezidi."

Kuhusu unga, nitasema, na najua nitawaudhi baadhi ya ndugu zangu. Tulipakia viroba vya sembe vilivyosagwa hapa Dar. Lori hilo likapita Kibaigwa, pale kwenye soko kubwa la mahindi, ambako malori huja kufuata mahindi ili yaletwe Dar yakasagwe. Halafu likaendelea hadi Hanang', wilaya ya wakulima wa mahindi, yenye mashamba ya ngano ya Basotu. Babati wana mashine za kusaga. Singida wana mashine za kusaga. Huenda punje zilizokuwa kwenye viroba vyetu zilishashuka barabara hiyohiyo miezi michache nyuma, na sasa tunazirudisha zikiwa unga kwa mafuta ya mzee wa watu.

Nililisema hili kwenye kikao. Nikapendekeza unga tununue Singida, gari libebe magodoro, sufuria, ndoo na blanketi, na nguo zichambuliwe kabla ya kufungwa. Mama mwenyekiti wetu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, zawadi haikataliwi. Mtu kafungua kabati lake kwa ajili ya msiba, wewe utamwambia arudi nayo nyumbani?"

Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo nadhani nusu ya neno lake ni kweli. Msiba kwetu hauendewi mikono mitupu. Ukishindwa kufika, unatuma. Yule mama wa nyumba ya nne aliyeleta kanga zake mbili zilizokunjwa vizuri, zenye harufu ya udi, hakuwa anaondoa takataka. Alikuwa anahani. Kanga zile nilizifunga peke yake na nikaandika juu ya mfuko: kina mama.

Lakini nikajiuliza, mbona tukienda msibani kwa miguu yetu tunatoa rambirambi ya pesa, inaandikwa kwenye daftari na jina linasomwa, na hakuna anayebeba kabati? Mbali ndiko tunakopeleka vitu. Nikawauliza wawili watatu pale pale tulipokuwa tukifunga mifuko. Majibu yalikuwa ya aina moja. Pesa inapita mikono mingi. Godoro haliliki. Hela yangu nikiituma sitajua iliishia wapi, ila gari nimelipakia mwenyewe, nimeliona likiondoka.

Hapo ndipo nilipoielewa ile bili ya dizeli. Akaunti za kupokea michango zilikuwepo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Watu wanajua. Bado wanapendelea kilomita 800 za sembe kuliko dakika moja ya kutuma pesa, kwa sababu sembe wanaiamini. Kutoaminiana kwetu kuna gharama, na safari hii aliyeilipa ni mzee mwenye Fuso. Simlaumu anayeogopa pesa yake kupotea. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Nasema tu kwamba wa kuilipia yupo.

Mwaka huu wa 2023 tumeona misaada ikisafiri kwa kila namna. Februari, baada ya tetemeko la Uturuki, shirika la ndege la nchi ile lilibeba misaada bila malipo kutoka nchi mbalimbali, lakini ilipitia kwenye balozi zao, na balozi zikawa zinatoa orodha: mahema, blanketi, vifaa vya kupashia joto. Machi, kimbunga Freddy kilipoipiga Malawi, serikali yetu ilipeleka unga wa mahindi, blanketi na mahema, na jeshi likapeleka helikopta. India nako, mafuriko ya Kerala ya 2018, reli ilibeba misaada bure. Ninachokiona kote huko ni kwamba mlangoni pa usafiri wa bure alikaa mtu mwenye orodha. Sisi mlangoni tulimweka mtu mwenye kamba na turubai.

Tulipatana hivi na mama mwenyekiti: zawadi haitakataliwa, ila si lazima ipande gari hili. Suti, visigino na fulana za kampeni zilibaki kwenye stoo ya mtaa, zitauzwa mnadani, pesa itafuata. Maji tulibakiza katoni chache kwa ajili ya dereva na tandiboi wake. Unga ulipanda, hapo nilishindwa, walionunua walikuwa wameshaununua. Magodoro yalipanda yote.

Dereva alinipigia kutoka Katesh usiku, sauti inatetemeka kwa baridi, analala kwenye kibini. Alisema malori yamepanga foleni, na hilo si la kulaumu mtu. Wanaopokea wanaandika kila kitu, na vijana wa kushusha ni walewale ambao asubuhi walikuwa wanachimba tope. Lililomchosha ni gari la mbele yake. Lilikuja na kundi fulani, na kundi lile halikuruhusu mzigo ushushwe mpaka bango lao lifike, kwa kuwa bango lilisahaulika kwenye gari dogo lililobaki nyuma. "Dada, tumekaa kusubiri kitambaa," akasema. Nilicheka, kisha nikakumbuka bango la kwetu nikanyamaza.

Alinisimulia pia kwamba mama mmoja kati ya waliohifadhiwa shuleni alikuja kuchungulia mzigo wakati wa kushusha. Hakuuliza nguo. Akasema nguo wamepewa, nyingine mpaka hawajui wazivalie wapi, lakini akija kurudi kwenye chumba chochote atakachopata, hana hata mwiko. Sufuria zenye mifuniko, ndoo, visu, jiko la mkaa. Na mabuti ya mpira ya watoto, kwa sababu tope bado lipo kila mahali. Vitu ambavyo hakuna mtu anavitoa kabatini kwake, kwa kuwa anavitumia.

Sijui kama inafaa kusema haya wakati watu wapo bado kwenye madarasa na wengine hawajawapata ndugu zao. Shangazi yangu aliposoma nilichoandika hapo juu alisema naleta hesabu za ofisini kwenye kilio. Labda. Lakini msiba wowote niliowahi kuhudhuria ulikuwa na mtu wa hesabu, mzee fulani aliyekaa pembeni na daftari, anajua jeneza ni kiasi gani, mchele kilo ngapi, nani kaahidi na nani kaleta. Hakuna aliyewahi kumwambia hana huzuni.

Jana jioni mwenye Fuso amenipigia. Gari jingine linapanda Alhamisi kufuata mashudu, lina nafasi ya tani nne, kama bado tuna cha kupeleka. Safari hii ataenda Singida tu, Katesh hawezi. Ana makali ya marejesho ya mkopo mwishoni mwa mwezi, na mimi nimemwambia asijieleze. Kundini nimeandika kwamba kutoka Singida hadi Katesh tutakodi gari kwa pesa yetu, na nimetaja bei. Mpaka nalala watu kumi na mmoja walikuwa wameisoma na mmoja ameuliza kama haiwezi kupungua. Kesho asubuhi nampigia mtu wa kamati kule anisomee wanachokosa. Saa nne nitakuwa Kariakoo kuuliza bei ya jumla ya sufuria.